Jinsi ya kuendesha mafunzo ya upishi kwa watu wasio na makazi: mwongozo kwa vikundi na taasisi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya misikiti, makanisa, vikundi vya akina mama na asasi za kiraia katika miji ya Tanzania ambazo tayari zinagawa chakula kwa watu wanaolala stendi, masokoni na kwenye baraza za maduka, na ambazo sasa zinataka watu hao wapate kazi badala ya kuendelea kupanga foleni ya sahani. Upishi unafaa kwa shabaha hiyo kwa sababu hujifunzwa kwa mikono, mlango wake wa kuingilia haudai cheti cha kidato cha nne, na mwanafunzi hula akiwa anajifunza. Kwa mtu aliyeanza asubuhi bila kujua mchana atakula nini, hilo la mwisho ndilo linalomwezesha kutuliza akili na kusikiliza somo.

Wazo lenyewe limekwisha kufanyiwa kazi kwa muda mrefu kwingineko. Mwaka 1989 Robert Egger, aliyekuwa meneja wa klabu za usiku jijini Washington, alianzisha DC Central Kitchen kwa kukusanya chakula kilichobaki kwenye sherehe za kuapishwa kwa Rais George H. W. Bush, kisha akawaingiza jikoni watu wa kwenye makazi ya muda ili wajifunze kukipika. Huko Seattle, mpishi David Lee alikuwa ameanza mwaka 1987 kupika milo ya makazi ya watu wasio na nyumba, na mwaka 1992 shughuli yake ikageuzwa kuwa shirika la mafunzo ambalo leo linaitwa FareStart. Kote kuwili jiko la mafunzo limekuwa likiuza chakula: milo ya shule, upishi wa hafla, mgahawa. Fedha hiyo inachangia gharama za masomo, na mwanafunzi anapikia wateja wanaolipa, wenye haki ya kurudisha sahani isiyofaa.

Ninachotaka msomaji akishike tangu mapema ni mpangilio wa hatua. Vikundi vingi huanza kwa kununua majiko na masufuria, vikamtafuta mwalimu, vikaandikisha wanafunzi, na mwishoni ndipo vinapojiuliza wahitimu wataenda wapi. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake.

Hatua ya kwanza: zungumza na waajiri

Kabla ya kununua hata mwiko, tembelea jikoni za mji wako zinazoajiri: hospitali, shule za bweni, hoteli, kampuni za upishi wa sherehe, kambi za migodi na za ujenzi, na mama lishe wakubwa wanaopeleka chakula maofisini. Omba kuonana na mpishi mkuu, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa na mfanyakazi mpya kila siku na ndiye anayeamua kama atabaki. Muulize ni nafasi gani huwa wazi mara kwa mara, mtu mpya anatakiwa kujua nini siku ya kwanza, na wale aliolazimika kuwaondoa walikosea wapi. Katika majibu yake, mapishi magumu hayachukui nafasi kubwa. Utasikia zaidi kuhusu kuchelewa, uchafu, kisu kushikwa vibaya, na mtu kuondoka bila kuaga baada ya kukaripiwa. Majibu hayo ndiyo mtaala wako, na wapishi wakuu wawili au watatu watakaokubali kupokea wanafunzi kwa mazoezi ya kazi ni mtaji unaozidi friji jipya.

Idadi ya wanafunzi wa awamu ya kwanza itokane na nafasi ulizoahidiwa. Kama waajiri wako wanaweza kupokea watu wanane, fundisha wanane, hata kama walioomba ni wengi zaidi. Kumfundisha mtu kwa miezi minne kisha kumrudisha barazani ni kumuumiza mara ya pili.

Hatua ya pili: mahali pa kulala, nauli na chakula

Mtu aliyelala nje hajalala vizuri. Ameamka mara kadhaa kwa mvua, kwa mgambo au kwa hofu ya kuibiwa, na asubuhi anafika jikoni bila kuoga, akiwa amevaa nguo alizolala nazo. Mwalimu asiyejua hayo humwona kama mvivu. Kwa hiyo tafuta vitanda kabla ya kuanza masomo: chumba cha kupanga kwa wanafunzi watatu au wanne, bweni la taasisi ya dini, au familia itakayompokea mmoja mmoja kwa makubaliano ya maandishi. Pale ambapo hilo haliwezekani mara moja, hakikisha angalau kwenye jiko lenyewe kuna bafu, sabuni, kabati lenye kufuli na sehemu ya kufulia nguo, na wanafunzi waruhusiwe kufika saa moja kabla ya somo.

Nauli ya daladala itolewe kila siku au kila wiki, kwa sababu fedha ya mwezi mzima mkononi mwa mtu anayedaiwa na wengi haifiki mwisho wa mwezi. Mama mwenye mtoto mchanga apangiwe mahali pa kumwacha, la sivyo utamwandikisha kwa jina tu. Chakula cha asubuhi kiliwe kabla ya somo, kwa pamoja, na mwalimu akiwa mezani.

Kuna kundi linalohitaji mpangilio wake wa saa. Kliniki ya methadone kwa watu wanaoacha heroini ilianza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Anayeitumia kwa kawaida hulazimika kufika kliniki kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Ukipanga somo lianze saa moja asubuhi, umemlazimisha achague kati ya tiba na kazi. Panga saa nne, au zungumza na kliniki kuhusu ratiba, na usimtangaze mgonjwa huyo mbele ya wenzake.

Hatua ya tatu: nyaraka

Hapa ndipo wengi hukwama, na kikundi kisichojiandaa huona jambo hili dogo mpaka siku ya malipo ya kwanza. Bila kitambulisho au namba ya NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, mtu hawezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole vyake, bila laini yenye jina lake hana akaunti ya fedha ya simu, na mwajiri anayelipa kwa simu au benki atalazimika kupitisha mshahara kwa mtu mwingine. Baadhi ya wanaolala nje wameibiwa mishahara yao kwa njia hiyohiyo, na rafiki au ndugu.

Anza mwezi mmoja au miwili kabla ya masomo. Nenda na mwanafunzi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mahali atakapokuwa analala, umweleze kwamba taasisi yako inamtambua, na uombe barua ya utambulisho. Kama hana cheti cha kuzaliwa, fuatilia RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kama amepoteza mawasiliano na kwao kiasi kwamba hana nyaraka yoyote, mshirikishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye anajua njia zinazokubalika katika ofisi za wilaya. Usimtume peke yake. Mtu aliyezoea kufukuzwa milangoni huondoka anapoambiwa mara ya kwanza arudi kesho.

Mtu yeyote anayeshika chakula cha kuuzwa anatakiwa kupimwa afya na kuwa na uthibitisho wake, na vipimo hivyo hurudiwa kila baada ya kipindi fulani, kwa hiyo weka gharama yake kwenye bajeti. Atakayekutwa na homa ya matumbo au minyoo atibiwe na arudi darasani. Kipimo kisitumike kumfukuza mtu.

Mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ukimkuta katika foleni yako, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii ili kwanza itafutwe familia, shule au malezi mbadala. Usimwingize kwenye jiko la biashara kwa sababu ya huruma.

Hatua ya nne: kuwachagua wanafunzi

Usiulize nani anapenda kupika, kwa kuwa kila mwenye njaa atasema anapenda. Waombaji wote waalikwe kwa siku tatu za majaribio ambazo wataosha vyombo, watachambua mchele na maharage, watamenya viazi na kufagia. Anayerudi siku ya tatu, kwa wakati, baada ya siku mbili za kuosha masufuria yaliyoungua, ameonyesha kile ambacho usaili wa maneno hauwezi kukionyesha. Rekodi ya jela isiwe kikwazo, ila ijulikane ili usimpeleke mtu kwa mwajiri ambaye ataigundua baadaye na kumwondoa.

Kanuni za nidhamu zisomwe kwa sauti siku ya kwanza na ziwe chache. Anayefika amelewa hashiki kisu wala moto siku hiyo. Hurudi alikolala, na kesho yake anapokewa. Anayerudia, anaitwa kwenye kikao pamoja na mtu anayemwamini. Kumgusa mwenzio au kumtolea maneno ya aibu hakuvumiliwi hata mara moja, kwa sababu wanawake wengi wanaotoka mitaani wamekwisha kupita katika hayo, na jiko ni chumba chembamba, chenye joto, ambamo watu hupishana kwa karibu.

Hatua ya tano: jiko

Jiko la ukumbi wa harusi, la shule wakati wa likizo au la hoteli iliyopungukiwa na wateja linatosha kuanzia. Unahitaji maji ya kutosha ya bomba au tangi, majiko ya gesi, meza zinazofutika, sinki la kunawia mikono lililotengwa na la vyombo, friji moja linalopoza kweli, kipimajoto cha chakula, mizani, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza. Visu vihesabiwe asubuhi vinapotolewa na jioni vinaporudishwa, na mwanafunzi mmoja kila wiki akabidhiwe daftari la kuvihesabu.

Hatua ya sita: mtaala

DC Central Kitchen imekuwa ikifundisha kwa wiki 14, na kozi ya watu wazima ya FareStart kwa miaka mingi ilikuwa ya wiki 16. Kipindi cha namna hiyo kinatosha kumwandaa mpishi msaidizi. Hakimtoi mpishi mkuu, na usimwahidi mwanafunzi hivyo.

Wiki mbili za kwanza ziwe za usafi na kisu. Wengi wetu tumezoea kukatia kitunguu kiganjani juu ya sufuria, na nyumbani njia hiyo inatosha. Jikoni penye oda ya sahani 200 inachelewesha, inatoa vipande visivyolingana, na vidole hukatika. Fundisha ubao, na chini ya ubao kitambaa chenye unyevu ili usiteleze. Kitunguu kikatwe katikati kutoka kwenye mzizi hadi kwenye ncha, kimenywe, kisha kila nusu ilazwe upande bapa ukiwa chini. Mzizi usiondolewe, kwa kuwa ndio unaoshikilia tabaka zote hadi mkato wa mwisho. Vidole vya mkono unaoshika vikunjwe kwa ndani, kucha zikielekea nyuma, na ubapa wa kisu upite ukigusa pingili za vidole, ili kisu kiongozwe na mkono. Mwanafunzi akate kilo nyingi, polepole, huku mwalimu akiangalia vidole na kuachia kasi ije yenyewe. Vitunguu hivyo visitupwe. Viingie kwenye mchuzi wa siku hiyo, auone ukiliwa.

Usalama wa chakula ufundishwe kwa mambo matano yanayohimizwa na Shirika la Afya Duniani: usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi chakula kiive, kukiweka katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Nambari za kukariri ni chache: ndani ya chakula kifike nyuzijoto 70, cha moto kikae juu ya 60, cha baridi kikae chini ya 5, na kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila joto wala ubaridi. Waeleze pia sababu, kwa kuwa kanuni isiyoeleweka huachwa mwalimu akigeuka. Chukua suala la kiporo. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa sufuriani usiku kucha mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukipashwa moto asubuhi. Jikoni pa biashara, wali uliobaki hutandazwa kwenye sinia pana ili upoe haraka na kuingia kwenye friji, ama hutupwa. Vivyo hivyo sufuria ya maharage ya lita 20: ikifunikwa na kuachwa, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, kwa hiyo igawanywe kwenye vyombo vifupi au iwekwe ndani ya karai la maji baridi huku ikikorogwa. Mpe kila mwanafunzi kipimajoto apime katikati ya sufuria hiyo mwenyewe, saa moja baada ya kuipua, na aandike alichokiona.

Kuanzia wiki ya tatu fundisha namna za kupika kabla ya majina ya vyakula: kuchemsha, kukaanga, kuchoma, kuoka, kupika kwa mvuke, kuunga kwa nazi. Anayeelewa kwa nini kitunguu cha pilau hukaangwa hadi kiwe cha kahawia na cha mchuzi wa samaki hakifiki huko, ataweza kufuata maelekezo ya jiko lolote. Ndani ya wiki hizo ziingie supu, wali wa nazi, pilau, ugali wa watu wengi, maharage, mboga za majani, samaki, kuku, chapati, maandazi, na baadhi ya vyakula vya hotelini ambavyo mpishi mkuu wa hatua ya kwanza alikutajia.

Somo linalopuuzwa zaidi ni hesabu ya gharama, ilhali ndilo linalomwokoa anayetaka kuanzisha genge lake. Lifanywe kwa vitu vilivyo mezani. Tuseme kilo moja ya unga wa ngano inatoa chapati 12, unga ni shilingi 2,000, mafuta 1,500, gesi 500, chumvi na karatasi za kufungia 200. Jumla ni 4,200, yaani kila chapati imegharimu 350. Ukiuza kwa 500, zote 12 zinakupa 6,000 na ziada ya 1,800. Sasa moja iungue na moja apewe rafiki: mauzo ni 5,000 na ziada ni 800, kabla hujajilipa kazi yako wala kodi ya meza. Mwanafunzi afanye hesabu hii kwa bei za soko la siku hiyo, aende sokoni mwenyewe na arudi na bei alizoziandika. Asiyejua kusoma afundishwe hapohapo kupitia oda, lebo za tarehe na mizani. Utashangaa jinsi herufi zinavyoshikika zinapohusu kazi iliyo mkononi.

Hatua ya saba: wateja wanaolipa

Katikati ya kozi jiko lianze kuuza. Milo ya mchana ya ofisi moja, vitafunio vya semina, au uji na maandazi ya shule ya jirani vinatosha. Anza na oda ndogo ambayo una hakika ya kuifikisha kwa wakati, kwa sababu jiko la mafunzo likichelewesha mara mbili, mteja hasamehei kwa kuwa ni la hisani. Mapato yaandikwe kwenye daftari linaloonwa na wanafunzi wote, na sehemu yake iwe posho yao. Katika wiki hizi mwalimu awape uongozi kwa zamu: leo huyu anapanga kazi, kesho yule. Mtu ambaye kwa miaka hakuna aliyemtegemea kwa lolote hubadilika waziwazi anapoona wenzake saba wanasubiri aseme nini kitangulie motoni.

Hatua ya nane: cheti na kazi

Wasiliana mapema na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mamlaka hiyo ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na cheti chake kina uzito mbele ya mwajiri kuliko karatasi yenye nembo ya kikundi chako. Atakayetaka kuendelea anaweza kuangalia chuo cha hoteli na utalii cha VETA kilichopo Njiro, Arusha, au kampasi za Chuo cha Taifa cha Utalii.

Wiki mbili au tatu za mwisho zitumike kwa mazoezi kwa waajiri wale wa hatua ya kwanza. Anapoajiriwa, soma naye mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Jikoni ni mahali ambapo saa huibwa kirahisi, hivyo ayajue hayo, na ajue pia kwamba anayeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Watatokea mawakala wa kazi za jikoni za Oman na nchi nyingine za Ghuba, hasa baada ya kusikia kwamba una wahitimu. Mhitimu asikabidhi pasi ya kusafiria wala fedha kabla ya kuthibitisha wakala huyo kwa TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, na kuusoma mkataba kwa lugha anayoielewa. Anayetaka kujiajiri na wenzake aulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Hatua ya tisa: mwaka mmoja baada ya kuhitimu

Teua mtu mmoja, anayelipwa, ambaye kazi yake ni kuwafuatilia wahitimu. Awapigie kila wiki katika mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi, na azungumze pia na mpishi mkuu. Hatari kubwa huja pamoja na mshahara wa kwanza: wadai hujitokeza, marafiki wa barazani huja kusalimia, na kodi ya chumba bado haijalipwa. Kubaliana na mhitimu kabla ya siku hiyo kwamba kodi italipwa kwanza, na kama anapenda, kikundi kimtunzie akiba ya miezi mitatu ya mwanzo kwa maandishi anayobaki na nakala yake.

Baadhi watapoteza kazi. Mlango wa jiko uwe wazi kwao siku inayofuata, wapewe aproni, washiriki kwenye oda ya siku hiyo, na mfuatiliaji akae nao kujua kilichotokea kabla ya kuwatafutia nafasi nyingine. Katika taarifa zako kwa wafadhili, andika wangapi bado wako kazini na wanalala ndani ya nyumba baada ya miezi 12, badala ya wangapi walipiga picha wakiwa na vyeti.